Nitawafikishaje wanafunzi 84 Rwenzori bila basi?

MwalimuWaWati, Arua

Walimu wenzangu, hamjambo. Nafundisha Jiografia katika sekondari ya kutwa, nje kidogo ya mji wa Arua. S.2 yangu (mwaka wa pili wa sekondari) ina wanafunzi 84 na wote wamo chumba kimoja. Nina jambo linanikosesha usingizi, naomba mnisaidie.

Mlima ambao wengi wao wameuona kwa macho ni Wati. Nikifundisha Rwenzori, kilele cha Margherita, mita 5,109, barafu karibu kabisa na ikweta, wanaandika vizuri sana. Lakini siku moja niliuliza: barafu hiyo mnadhani ikoje? Msichana wa mbele akajibu kwa uhakika kwamba ni kama ile inayoganda kwenye friji ya duka la soda. Hakukosea, ndiyo barafu pekee aliyowahi kuigusa.

Muhula uliopita tulipiga hesabu ya kwenda Kasese, mji ulio chini ya Rwenzori: basi, malazi ya siku mbili, chakula. Kila mtoto alitakiwa alete shilingi 190,000. Wazazi wa watoto 9 waliweza. Moyo ulikataa kuwapeleka 9 na kuwaacha 75 wakihesabu siku, tukafuta safari.

Ndipo nikasema, basi twende kwa njia ya mtandao. Niliazima miwani mbili za karatasi ngumu, zile za kuchomeka simu ndani, nikapakua video ya nyuzi 360 ya milima kwa bando langu. Simu yangu ilikubali. Ya mwenzangu ikagoma: unageuza kichwa, picha inabaki palepale. Kwa hiyo miwani moja, dakika tatu kila mtoto, kipindi cha dakika 40. Walioangalia ni 11. Mmoja alishikwa na kizunguzungu nikamkalisha kivulini. Waliobaki walisukumana mlangoni mpaka kengele ikalia. Nilipouliza waliona nini, walisema, "Mwalimu, pazuri." Basi.

Lakini mvulana mmoja, wa saba kwenye foleni, alivua miwani akaniuliza: "Mwalimu, mbona sijaona shimo la moto?" Alikuwa amelitafuta kileleni kama nilivyomfundisha kwenye Elgon na Muhabura. Na kweli halipo! Rwenzori si volkeno, ni bonge la mwamba lililosukumwa juu kati ya nyufa za ardhi. Hilo nililiandika ubaoni mara tatu na hakuna aliyelishika. Yeye alilikuta kwa macho yake. Kwa ajili ya swali lile sitaki kukata tamaa.

Nina laptopu moja, projekta ya ofisi ya mwalimu mkuu, umeme wa kubahatisha, na wanafunzi hawaruhusiwi simu. Ninyi mnafanyaje?

Fundi_Busia

Mwalimu, pole na hongera. Mimi ni fundi kompyuta, nahudumia shule kadhaa huku mpakani.

Simu ya mwenzako haikuharibika. Simu nyingi za bei nafuu hazina jairoskopu, kile kifaa cha ndani kinachojua kichwa kimegeukia wapi. Hata uiwashe na kuizima siku nzima haitageuka. Rudisha miwani kwa mwenyewe. Na ukikutana na miongozo inayokuambia utumie Google Expeditions, iache, ilifungwa mwaka 2021.

Tumia laptopu na projekta, wote waone kitu kimoja kwa wakati mmoja. Weka Google Earth Pro, ni ya bure. Kwenye mipangilio ongeza nafasi ya kuhifadhi mpaka megabaiti 2,000. Usiku, bando likiwa la bei nafuu, pita polepole kila mahali utakapowapeleka. Picha ulizopitia zinabaki ndani ya kompyuta. Lililo bora zaidi: programu hiyo inaweza kurekodi safari yako ikawa faili la video. Hapo hata mnara ukizima, wewe una safari yako mfukoni, kwenye flashi. Kuna pia alama ya saa juu ya skrini, inafungua picha za miaka ya nyuma. Kwa Rwenzori utasumbuliwa na mawingu, tafuta tarehe iliyo safi kabla ya kipindi.

Madirisha yazibe kwa magunia. Bila giza projekta ni taa tu.

Mwl_Mukono

Dada, mimi nafundisha P.6 (darasa la sita la msingi) na nilianguka shimo hilohilo. Kilichonitoa ni kuwapa kazi ya kutafuta kabla hawajaona chochote.

Makaburi ya Kasubi, walikozikwa wafalme wa Buganda, yalipimwa kwa leza na CyArk, shirika linalohifadhi picha za majengo ya kale, mwaka 2009. Mwaka uliofuata, tarehe 16 Machi 2010, nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, ikaungua. Watoto wangu walikuwa hawajazaliwa, hawakuiona ile nyumba ya kale. Nilipowaonyesha picha za vipimo vile mara ya kwanza bila swali, walitazama kama sinema. Mara ya pili niliwaambia: dari ya Muzibu Azaala Mpanga ina pete 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Nataka mnionyeshe zinapoanzia. Ee mwenzangu! Darasa zima lilinyanyua shingo kana kwamba dari iko juu yao. Huyu anasema sisi ni Mmamba, yule anasema sisi ni Ngabi, ya kwetu ni ipi? Nilisimamisha picha moja dakika kumi na hakuna aliyechoka.

Picha chache, mwalimu. Mbili au tatu zatosha kipindi kizima.

Mwl_Kilembe, Kasese

Nimesoma swali la yule mvulana nikasimama kwanza. Mimi niko chini ya mlima wenyewe, na nikwambie ukweli: sina mwanafunzi hata mmoja aliyeigusa ile barafu. Siku nyingi mawingu yanaifunika hata kwa macho hatuioni. Wazee wetu Wakonzo wana jina la theluji, nzururu, watoto wanalitaja kila siku na hawajawahi kuikanyaga. Kwa hiyo wewe na mimi tuna shida moja.

Mwaka 1906 msafara wa Duke wa Abruzzi, mwanamfalme wa Italia, ulipanda vilele hivi, na Vittorio Sella akapiga picha. Wakati ule barafu ilienea kama kilomita za mraba 7.5. Kufikia 2005 ilibaki kama 1.5. Weka picha ya Sella kando ya picha ya sasa, uwaulize watoto nini kimeondoka. Mimi nilifanya hivyo, na darasa langu lilinyamaza.

Lakini usiishie kileleni. Mlima huu unashuka mpaka kwetu. Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika hapa Kilembe, ukaleta mawe makubwa kuliko gari mpaka kwenye makazi. Mengine yapo bado. Nitawapeleka wanafunzi wangu kwa miguu, wapige picha kwa simu yangu, wasimame kando ya mawe ili wako waone ukubwa, na waeleze kwa sauti zao. Nitakutumia. Nanyi mtutumie Nile pale Pakwach. Huku tunaichora kwa penseli ya buluu tu.

MwalimuWaWati, Arua

Nimerudi baada ya wiki tatu. Asanteni sana, ndugu zangu.

Video ya safari niliyoirekodi ina dakika sita. Swali lilikuwa moja: msitu unakoma wapi na nini kinaanza? Umeme ulikatika dakika ya nne. Laptopu ikaendelea, projekta ikafa, tukaibeba laptopu safu kwa safu. Hakuna aliyesukumana, maana kila mmoja alikuwa na swali la kujibu.

Kisha picha za Kilembe. Msichana wa sare ya kijani amesimama kando ya jiwe, kichwa chake hakifiki nusu. Anasema kwenye sauti, "Hili lilitoka juu, lilikuja na maji." Wa kwangu walitaka kuisikia mara tatu. Yule wa friji ya soda aliniuliza kama barafu ikiisha mto utabaki. Nimelipa swali lake ubao mzima kesho yake.

Mwalimu wa Kasese, Jumamosi ijayo naenda Pakwach na wanafunzi wanne, kwa gari la mzazi. Tutapiga picha darajani, mafunjo, wavuvi wakikubali, na upande maji yanakotoka Ziwa Albert. Waulize wako wanataka tusimame wapi, uniandikie kabla ya Ijumaa.