Tuta la udongo kuzuia mafuriko ya korongo: liwe la ng'ombe pia, au libaki tupu?

mwana_gulwe
Wakuu habari za jioni. Niko Mpwapwa, upande wa Gulwe. Juu ya kitongoji chetu kuna korongo ambalo kiangazi ni mchanga mtupu. Mvua ikipiga huko milimani, haichukui muda linashuka na miti na mawe. Msimu uliopita limebeba mahindi, vyoo viwili na ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama mdogo. Mkutano wa kijiji umekubali tuchange, tukodi katapila, tuzibe pale korongo linapobanwa na vilima. Tuta mita 4 kwenda juu, urefu kama 70. Wafugaji wanasema hawatoi hata senti mpaka wahakikishiwe maji ya kunyweshea hadi Agosti. Wenye mashamba wanataka mafuriko yakome, basi. Eneo linaloleta maji nimelipima kwa ramani ya simu, kama kilomita za mraba 2. Itawezekana kuwaridhisha wote?

kiazi_kitamu
Pandisheni liwe mita 6 mmemaliza mchezo. Maji hayapandi kilima.

fomeni_mstaafu
Hayapandi kilima ila yanapita juu ya tuta, na tuta la udongo likishapitiwa juu halifiki asubuhi. Likikatika la mita 6 ni balaa kuliko korongo lenyewe. Tuliona Solai kule Nakuru, Mei 2018: bwawa la udongo la shambani lilipasuka usiku, watu zaidi ya 40 wakafa.

mwana_gulwe, nimesimamia malambo Dodoma na Singida mpaka nikastaafu, nikupigie hesabu. Mvua ya milimita 50 kwenye kilomita za mraba 2 ni mita za ujazo 100,000. Nyingi inanywewa na ardhi. Tuseme theluthi tu ndiyo inatiririka, una 33,000. Lambo lako likitanda mita 100 kwa 100, kina cha wastani mita moja na nusu, linabeba 15,000. Mvua moja inalijaza mara mbili, na hapo nimelihesabu likiwa tupu. Wafugaji wakishalijaza tangu Januari, mafuriko ya Machi hayatapata pa kukaa. Ndiyo maana nasema wote wawili hutawaridhisha kwa shimo moja.

Tuta la mafuriko linatobolewa kwa makusudi. Bomba la sentimita 60 chini kabisa, wazi muda wote, bila koki (ukiweka koki, kuna mtu ataifunga, nakuhakikishia). Mbele yake chekeche la nondo lizuie matawi. Maji yanaingia kwa fujo, yanatoka kwa kipimo, kesho yake bwawa ni tupu linasubiri mvua nyingine. Ila pembeni mwa bomba ndipo matuta mengi yanapofia: maji yanapenya kati ya bomba na udongo, yanachimba polepole, siku moja unakuta handaki. Lilaze kwenye mtaro uliochimbwa ardhi ngumu, limwagie zege, na upande wa kutokea zungushia mchanga safi wa kuchuja.

Halafu utoro, yaani njia ya kutolea maji yaliyozidi ili yasipite juu ya tuta. Hujautaja kabisa, na mimi ningeanza na huo kabla ya tuta. Uchongwe pembeni kwenye ardhi asilia, si juu ya kifusi, sakafu yake iwe chini ya kichwa cha tuta kwa mita moja au zaidi. Mvua ya milimita 50 ndani ya saa moja inaweza kukuletea karibu mita za ujazo 8 kila sekunde. Kuzipitisha kwa kina cha nusu mita unahitaji upana wa mita 14 hivi. Watu wanachonga mita 3 wakiokoa mafuta ya katapila. Na ipo mvua kubwa kuliko hiyo, kwa hiyo mpe mhandisi akupigie hesabu kamili. Kibali mtaombea Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, maana maji yenu yanateremkia mto Mkondoa, unaopita Kilosa. Kilosa wanakumbuka bwawa la Kidete lilipobomoka wakati wa Elnino. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yakakata hadi reli ya kati.

mwana_gulwe
Asante sana mzee wangu. Udongo je? Wa pale ni mwekundu, unanata.

fomeni_mstaafu
Kunata hakutoshi. Chukua kidonge kikavu, kiweke kwenye glasi ya maji safi, usitikise, subiri saa moja. Maji yakigeuka kama chai ya maziwa, huo udongo unayeyuka wenyewe, na Dodoma upo mwingi. Usijengee. Kikivunjika lakini maji yakabaki safi, endelea. Shindilia tabaka la sentimita 15 hadi 20, udongo uwe na unyevu wa kufinyangika, usimwage tani nzima ukapitisha katapila mara moja. Upande wa maji ulale: utanuke mita 3 kwenda nje kwa kila mita 1 ya kimo.

Wafugaji wachimbiwe lambo lao pembeni, lijazwe kwa mfereji kutoka korongoni. Kuna wanaoinua bomba ili mita ya chini ibaki na maji, lakini kwa jua letu na ng'ombe wale haifiki Agosti. Tena mchanga unaifukia.

mrangi_halisi
Naongezea la huku Kondoa. Mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye maeneo yaliyoharibika. Wazee walilalamika mno, lakini majani yalirudi. Huko milimani kwenu kukiwa upara, bwawa litajaa mchanga mkiwa bado mnalipa deni la katapila. Wekeni makinga maji, yaani matuta madogo ya kukata mteremko, juu huko kwanza.

fomeni_mstaafu
Sahihi kabisa. Nimesahau: juu ya tuta nyasi tu, miti hapana. Mizizi inafungua njia, na ikioza inaacha matundu.

mwana_gulwe
Mwenyekiti ameshaagiza miche ya mwarobaini ya kupanda juu ya tuta 😅

fomeni_mstaafu
Ipelekwe kwa mrangi_halisi amwonyeshe pa kuipanda. Leta picha ya ile glasi.