Naomba ushauri: paa la mama Ujiji linavuja, nizibe au niezue?

Habari za majukumu wakuu. Nyumba ya mama ipo Ujiji, Kigoma, vyumba vitatu na sebule, paa la kenchi (fremu ya mbao inayobeba bati) lenye mabati ya migongo ya siku nyingi, geji 30 (geji ni unene, namba ikiwa ndogo bati ni nene zaidi). Mvua zimetutesa, na nataka kazi iishe kabla hazijaanza tena Oktoba.

Nimepanda darini mwenyewe na tochi. Upande unaopigwa na upepo wa ziwani, misumari imelegea, mipira yake imekauka na kupasuka, na kila tundu lina duara la kutu. Mbaya zaidi, mbao mbili za kenchi juu ya chumba cha mama zimeliwa na mchwa. Ukibonyeza kwa kidole zinabonyea.

Fundi wa kwanza anasema 450,000 inatosha: abadilishe misumari, azibe matundu kwa lami, aweke kofia mpya (bati la kufunika mgongo wa paa). Mwingine anataka 3,200,000, aezue lote, abadilishe mbao zilizooza na kuweka geji 28. Huyu wa pili alipanda juu akakagua. Wa kwanza aliangalia akiwa chini, na hilo linanipa wasiwasi, maana mama analala humo.

Je, inawezekana kuezua upande mmoja tu na kubadilisha mbao zake? Kwa waliojenga Kigoma karibuni, mbao za 2x4 zilizotiwa dawa mnanunua wapi kwa bei nzuri? Na ufundi mnalipa kwa bati au kwa kazi nzima? Natanguliza shukrani.