Majirani wa Shela, Malindi: Intaneti Gani Inafaa Nyumbani?

Mama Salma: Assalaam alaykum majirani. Mkataba wangu wa intaneti unakwisha mwisho wa mwezi, na kabla sijalipa tena ningependa kujua kutoka kwenu ni huduma gani inayofaa nyumba yenye watoto wawili wanaosoma mtandaoni na mimi ninayeuza madera kwa simu. Mawakala wanaopita hapa hunitajia kasi tu, na kila mmoja ana namba kubwa kuliko mwenzake.

Mwalimu Omari: Waalaykum salaam, Mama Salma. Anayekuuzia kasi ya 15, kwa mfano, anahesabu megabiti kwa sekunde, ilhali ukubwa wa faili huhesabiwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane, kwa hiyo hupati hata megabaiti mbili kwa sekunde. Hata hivyo hizo zinakutosha, kwani video safi ya HD haihitaji zaidi ya megabiti tano hivi. La kuuliza ni hali inakuwaje saa mbili usiku, kila nyumba ikiwa imewasha runinga, kwa sababu uzi mmoja wa faiba kutoka kwa kampuni hugawanywa kwa nyumba nyingi, mara nyingi 32 au zaidi.

Kazungu: Shikamoo Mama Salma. Mimi natumia dishi la Starlink, intaneti ya setilaiti ambayo ilianza kutoa huduma Kenya mwaka 2023. Kasi yake inaniridhisha, lakini dishi linataka anga wazi, na mwembe wa jirani ulikuwa ukinikatia simu za video mpaka nilipolihamishia juu ya tangi la maji. Pia linakula umeme wati 50 hadi 75, yaani zaidi ya uniti moja ya tokeni kwa siku, ilhali ruta ya faiba hutumia wati kumi hivi na betri ndogo huibeba umeme ukipotea.

Mwalimu Omari: Na hilo dishi nalo halikwepi msongamano. Mwishoni mwa 2024 Starlink ilisitisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa.

Bi Kadzo: Mimi nina faiba, na sitaitaja kampuni. Kasi ni nzuri, ila kiungio cha nje kilipoliwa na chumvi ya bahari nilipigiwa muziki kwenye simu siku nzima, kisha nikaambiwa fundi anatoka Mombasa. Kwa hiyo, Mama Salma, muulize wakala kama mafundi wao wanakaa hapa Malindi, na jibu lake likizungukazunguka umeshajibiwa.

Mama Salma: Ahsante, dada. Kinachonishangaza ni kwamba sebuleni intaneti inakwenda vizuri, lakini chumba cha watoto hawapati kitu.

Mwalimu Omari: Hapo kampuni haihusiki. Nyumba yako ni ya zamani, kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe, na mawimbi ya Wi-Fi ya gigahezi 5 yanapenya ukuta kwa shida kuliko yale ya 2.4. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, upime kasi jioni. Ikitoka kamili, usihame kampuni. Vuta waya hadi chumbani, uongeze ruta ya pili huko. Ikitoka pungufu kila jioni, hapo una sababu ya kuhama.

Kazungu: Lakini usipime siku ambayo nchi nzima inalalamika. Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika, wengi wangeweza kuilaumu kampuni yao bure.

Mama Salma: Basi nitapima kabla ya kulipa. Mwalimu, naomba kompyuta yako kwa jioni moja, maana sisi hapa tuna simu tu.

Mwalimu Omari: Salma aje kuichukua baada ya alasiri. Waya wa kuchomekea anao Kazungu.

Kazungu: Ninao, mita kumi. Nitauleta mwenyewe, niangalie na njia ya kuupitisha hadi chumba cha watoto.