Tupeane uzoefu: neno lililokuingia kwa kusikia, si kwa kusoma

Mwanzisha uzi
Wakuu, habari za jioni. Bibi yangu hajui kusoma, na sasa macho yameingia mtoto wa jicho. Nikamnunulia karedio ka memori kadi, ndani mna Biblia nzima ya Kiswahili. Nilidhani atakuwa anasinzia nako. Jioni moja tuko jikoni anachambua mchicha, msomaji yuko Nehemia 8. Ezra anasoma torati mbele ya lango la maji, tangu mapambazuko hata adhuhuri, watu wanalia. Wanaambiwa wasihuzunike, waende wakale vinono, tena wampelekee sehemu asiyewekewa kitu, "kwa kuwa furaha ya BWANA ni nguvu zenu."

Bibi akazima redio. "Mama wa nyumba ya pili leo hajawasha moto." Nikatumwa na bakuli, giza lile.

Hayo maneno ya furaha nimeyaona kwenye kalenda na vioo vya daladala miaka yote. Ya kumpelekea asiye na kitu sikuwahi kuyasikia, na yamo kwenye mstari uleule wa 10!

Leteni ya kwenu. Mahubiri hapana, tukio lako tu.

Muuza nafaka, Makambako
Mimi niliumbuka. Kopo langu la kupimia maharage lilikuwa limebonyezwa tako kwa ndani, kidogo tu, ukishajaza huoni. Nililinunua hivyohivyo. Asubuhi redio ya dukani iko kwenye Mithali 11, mteja mbele yangu, kopo mkononi: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA." Mteja akacheka, akaliangalia kopo. Nikacheka na mimi, ila jasho.

Ningekuwa nasoma mwenyewe ningeruka nikaenda Zaburi. Sikio haliruki.

Siwadanganyi, nilikaa nalo wiki tatu nyingine. Kila nikipima nasikia ile sauti. Mwisho nikaligeuza, nikaligonga kwa mchi likanyooka. Faida ya gunia imepungua, hilo lipo.

Mgeni
Sasa furaha iko wapi hapo?

Muuza nafaka, Makambako
Mtoto akitumwa maharage nampimia huku namtazama usoni. Zamani nilikuwa naangalia pembeni.

Fundi cherehani
Mimi Muislamu, niruhusuni kidogo. Kopo hilo kwetu lina sura yake, ya 83, Al-Mutaffifin: ole wao wapunjao, wakijipimia kwa watu hutaka kamili, wakiwapimia wengine hupunguza. Madrasa tuliihifadhi kwa sauti tamu, maana hatuijui. Ramadhani moja, kwenye darsa baada ya Alasiri, sheikh akaitafsiri neno kwa neno. Jirani yangu mkekani akanigusa kiwiko. Mnajua mafundi na vitambaa vinavyobaki! Siku hizi mteja akichukua nguo namkabidhi na vipande vyake kwenye mfuko. Wengine wanashangaa, wanadhani nimewapa takataka.

Mgeni
Nyie mna bahati. Mimi nikiweka kitabu cha Hesabu, kabila la pili tu nimelala.

Dereva wa lori
Anza na Luka, mkuu. Sura 24, foleni ya Tunduma inaimaliza na chenji inabaki. Mimi niliisikiliza na utingo wangu, tunacheka na kubishana, hadi Zakayo, yule mtoza ushuru, alipopanda mkuyu. Aliposema kama amemdhulumu mtu anarudisha mara nne, mle kwenye kichwa cha lori pakawa kimya. Safari iliyopita nilikuwa nimemkata utingo posho kwa turubai lililochanika, na turubai nililichana mimi nikirudi nyuma. Nikatoa pochi hapohapo. Dogo alicheka mpaka akafuta machozi, nami nikajikuta nacheka naye. Ila nilirudisha mara moja, si nne.

Mwanzisha uzi
Nimemsomea Bibi uzi wote. Anamuuliza dereva, hizo tatu zilizobaki lini?