Chuo kinasubiri zibaki wiki sita nimalize ndipo kinizungumzie habari za kazi?

Wakuu, salaam. Nina hasira na nitaandika nikiwa nayo hivyo hivyo.

Nimesoma sosholojia chuo kimoja cha umma, nikamaliza 2023. Nilitoka HGL (Historia, Jiografia na Lugha) kidato cha sita, nikaomba kozi tatu, nikachaguliwa hii. Sina ugomvi na sosholojia. Ninachogomba ni kwamba miaka mitatu yote hakuna mtu anayelipwa na chuo aliyewahi kunikalisha chini akaniuliza, "Kijana, unapenda kufanya nini, na kozi hii itakufikisha wapi?" Mshauri wa taaluma nilikuwa naye kwenye karatasi. Nilimwona mara mbili, zote akinisainia fomu huku mlango uko wazi na foleni iko nyuma yangu.

Semina ya ajira ikaja semista ya mwisho, zimebaki wiki sita. Saa mbili, ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi, mgeni anatufundisha kupanga CV na kuvaa siku ya usaili. CV ya kuombea kazi gani? Wakati huo kozi za kuchagua zimeshachaguliwa na fildi zote mbili, yaani mafunzo kwa vitendo, zimeshapita!

Hizo kozi za kuchagua ndizo zinazoniuma zaidi. Mwaka wa pili ilikuwepo ya takwimu. Waliotutangulia wakasema ikimbieni, inashusha GPA (wastani wa alama), chukueni ile ya kuokota A. Tukaikimbia kundi zima. Mshauri alipaswa kufungua mdomo siku ile.

Fildi nayo nilifanyia halmashauri kwa kuwa mjomba ana mtu anayemfahamu pale. Wiki nane za kutoa kopi na kupeleka mafaili masijala. Msimamizi wa chuo akaja mara moja, dakika kumi na tano, akasaini kitabu cha fildi, akaondoka. Nikapewa A.

Halafu Agosti 2022, likizo, nikapata ukarani wa Sensa. Nimeshika kishikwambi chenye ramani ya eneo langu la kuhesabia watu, nalinganisha na nyumba zilizo mbele yangu, na kwa mara ya kwanza nikasahau hata kula. Jioni nikawa namganda msimamizi wa TEHAMA: ramani hizi zilichorwaje? Majibu ya kaya yakitoka hapa yanakwenda wapi? Akanieleza kwamba kuna watu wanaajiriwa kuandaa madodoso, kusafisha takwimu, kuchora ramani, na kwamba mtu wa sosholojia ana nafasi humo kwa sababu amefundishwa kumwuliza mtu maswali bila kumtia hofu. Benchi la ofisi ya serikali ya mtaa likanipa nilichokosa chuoni. Niliporudi mwaka wa tatu kuomba ile kozi ya takwimu, nikaambiwa muda wake umepita.

Leo najifunza takwimu usiku kwa bando langu, mchana naomba nafasi za Afisa Maendeleo ya Jamii kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Na deni la Bodi ya Mikopo liko palepale: miezi 24 baada ya kuhitimu unatakiwa uanze kulipa, na ukiajiriwa inakatwa 15% ya mshahara. Mwenzangu wa ununuzi na ugavi amekuja kujua baada ya kuhitimu kwamba bila usajili wa PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, hawezi kuifanya kazi aliyoisomea. Miaka mitatu darasani hajaambiwa!

Najua watakuja wa kusema mtu mzima ajitafutie. Mtoto wa mkulima ambaye ukoo mzima unajua ualimu, uuguzi na upolisi, atatafutaje kazi ambayo hajui kama ipo? Mtoto wa mkurugenzi anaelezwa hayo mezani kwao wakati wa chakula cha usiku. Sisi wengine tulitegemea chuo.

Idara ziwaite wahitimu wao mwaka wa kwanza, waje waeleze wanafanya nini tangu asubuhi mpaka jioni. Idara zitafute nafasi za fildi zenyewe badala ya kuwaachia wajomba. Mshauri awe na saa moja na kila mwanafunzi kabla hajachagua kozi.

Mdogo wangu anaripoti chuo Novemba. Nimemwandikia maswali matano aende nayo kwa mshauri wake wiki ya kwanza. Akirudishwa mlangoni, nitaleta mrejesho hapa hapa.