Fundi kanirudishia pikipiki ina nusu ya injini ya mtu mwingine. Mafundi wa Kigoma, hii tabia mtaiacha lini?

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira, mwenye moyo mwepesi apite kando.

Pikipiki ni yangu, cc 150, anaendesha mtoto wa dada yangu pale Mwanga, hapa Kigoma, na hesabu analeta jioni. Bolti ya kumwagia oili ilikufa meno. Kila mwenye pikipiki anajua inavyokuwa: bolti ni ya chuma, kesi ya injini (lile ganda linaloshika vyote vya ndani) ni ya aluminiamu, kijana wa kubadilisha oili anakamata spana ndefu na kukaza kwa nguvu zote za migebuka aliyokula mchana, siku moja meno yanatoka pamoja na bolti. Dawa yake ni ndogo. Unatanua tundu, unatepu (unakata meno mapya), unaweka bushi ya chuma yenye meno, kazi imeisha. Fundi wetu (simtaji, anajijua) akaona hiyo ni kazi ya maskini. Akalazimisha bolti nene zaidi, kesi ikapasuka, kisha akampigia simu mtoto wa dada yangu: "Kesi imekufa, inabidi tufungue injini yote." Pesa ya oveholi ikalipwa. Pikipiki ikarudi, ikawaka.

Ikarudi na mluzi. Ukiwa gia ya tatu unasikia kitu kinalia chini ya miguu, ukiachia mafuta ghafla gia inaruka yenyewe, na chini ya injini oili inatiririka kwenye maungio. Fundi anasema "inajizoesha, mpe wiki". Injini gani inajizoesha kwa kulia?

Nikainama na tochi nikasoma namba ya injini. Siyo ya kwenye kadi! Kesi ya upande wa kulia ni yangu, naijua kwa mkwaruzo wake. Ya kushoto imetoka kwenye skrepa, na ndiyo yenye namba. Nikamfuata. Jibu lake: "Mzee, injini si inawaka? Hizi zote ni moja tu."

Sasa ngoja niwaeleze wale wanaosema "zote ni moja tu", maana inaonekana kijiweni hakuna aliyewaambia.

Injini hizi ndogo za silinda moja, kesi yake imegawanywa wima, kushoto na kulia. Krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, imelala katikati: beringi yake moja imekaa kwenye nusu ya kushoto, nyingine kwenye ya kulia. Shafti za gia nazo hivyo hivyo, kila moja kichwa kimoja huku na kingine kule. Ngoma ya kubadilishia gia pia. Maana yake ni kwamba tundu za kushoto na tundu za kulia zisipotazamana sawasawa, hakuna hata kitu kimoja ndani ya ile injini kitakachozunguka kwa amani. Ndiyo sababu viwanda vingi huzikata nusu hizo kama jozi, zikilinganishwa na pini zilezile, na zinatoka kiwandani pamoja. Ukichukua ya kushoto ya injini hii na ya kulia ya injini ile umemvalisha mtu viatu vya jozi mbili tofauti na kumwambia akimbie. Na huyu anakimbia haswa: krenki ya injini kama hii inafika mizunguko 8,000 kwa dakika, yaani zaidi ya 130 kila sekunde. Kosa la sehemu ndogo ya milimita, ambalo jicho halilioni na kidole hakilisikii, kwa mwendo huo linakula beringi.

Najua atatokea mtu aseme dukani nusu moja moja zinauzwa. Zinauzwa, ndiyo, kwa baadhi ya injini, mpya, zimekatwa kwa mashine zinazorudia kipimo kilekile. Huyu wangu hakununua mpya. Aliokota ya injini iliyokwisha kufa, ambayo tundu la beringi limeshapanuka, kwa sababu aliyeitumia mwanzo aliigongea beringi kwa nyundo. Na hapa ndipo panapowapoteza wengi: pikipiki nyingi za bei nafuu zilizojaa mitaani kwetu zina injini iliyotokana na Honda CG125 ya mwaka 1976, ile ambayo Wajapani waliiundia fito za kusukuma valvu ili ivumilie watu wasiofanya sevisi. Viwanda vingi vya Asia viliinakili. Kwa hiyo kwa macho zinafanana, matundu ya bolti yanaingiliana, kava inakaa. Kufanana kwa nje siyo kipimo. Mmoja kasogeza hiki kidogo, mwingine kaongeza unene wa ukuta, na wewe kijiweni una rula ya shule.

Nyundo pia niiseme, maana imenichosha. Aluminiamu ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Hiyo ni neema kwa fundi mwenye akili: unapasha kesi moto sawasawa, beringi unaitia kwenye friji, ukiidondosha tundu linaipokea karibu bila kusukuma, na ikipoa inabanwa. Friji za soda zimejaa Mwanga! Lakini hapana, mafundi wetu wanaweka kipande cha bomba na kupiga nyundo, beringi inaingia upande, inakwangua tundu. Tundu likishakwanguliwa, kila injini ikipata moto beringi inalegea na kuanza kuzunguka ndani ya kesi yenyewe. Kesi hiyo ndiyo inayokwenda skrepa, na ndiyo anayoiokota fundi wangu.

Kuigawa je? Tindo na bisibisi kwenye maungio. Ule uso wa maungio umesawazishwa na mashine, gasketi yake nyembamba, na wewe unauchokonoa kama unatafuta jino la ndovu. Baadaye oili inavuja, unapaka silikoni nusu tyubu. Inayozidi ndani inakatika vipande, inaelea kwenye oili, inaishia kwenye chujio. Na chujio lenyewe kwenye nyingi ya hizi ni wavu wa waya tu chini ya injini. Oili yenyewe haizidi sana lita moja, na hiyo lita moja inalainisha krenki, pistoni, klachi na gia boksi kwa pamoja, hakuna chumba cha pembeni. Kipande cha silikoni kikiziba njia, kule juu kwenye silinda hedi ndiko kunakokauka kwanza.

Halafu, la kucheka, nilikuta mpira wa kupumulia umezibwa kwa plagi ya mti. Eti unachafua chujio la hewa. Ndugu, pistoni ikishuka inasukuma hewa ya ndani ya kesi, na moshi kidogo unapita kwenye ringi kila mlipuko. Presha hiyo isipopata pa kutokea itatokea kwenye sili za oili. Kwa hiyo ameziba tundu la pumzi kisha anashangaa oili inavuja.

Mafundi boti wa Kibirizi hawana huu upuuzi, nawasifu hadharani. Wanajua kwamba injini ya boti ya mipigo miwili, kesi yenyewe ndiyo pampu: mchanganyiko wa hewa na petroli unapita humo kabla ya kupanda kwenye silinda. Maungio yakivuja, injini inavuta hewa ya bure, mchanganyiko unakuwa mwepesi, pistoni inaungua, nawe uko katikati ya Ziwa Tanganyika usiku na taa za dagaa. Kule uzembe unaweza kukuzamisha, kwa hiyo watu wana adabu. Hata mashine za kusaga huko Kasulu, zile dizeli za silinda moja zilizolala, bloku ni pande moja la chuma, krenki inaingizwa kwa ubavuni, hakuna nusu ya kuazima kwa jirani. Nadhani ndiyo maana zinadumu licha ya mafundi wake.

Wenye magari msicheke. Kofia za beringi za krenki kwenye bloku yenu zilitobolewa zikiwa zimefungwa kwenye bloku ileile. Ndiyo maana zina namba na mshale. Fundi akizichanganya kwenye ndoo moja na kuzirudisha kwa kubahatisha, yaleyale.

Lakini kinachonichoma zaidi ni namba. Kwa pikipiki nyingi hizi namba ya injini imegongwa kwenye nusu mojawapo ya kesi. Kadi yangu ina namba ya chasisi na namba ya injini. Leo trafiki akimsimamisha kijana pale mzunguko na kulinganisha, anaonekana mwizi. Ile nusu ya kushoto ni ya nani? Ya pikipiki iliyopata ajali? Iliyoibwa Ujiji? Fundi anasema "niliipata tu kwa mtu". Kwa mtu! Na nusu yangu, yenye namba yangu, iko wapi sasa hivi? Maana nayo ipo, imepasuka lakini namba inasomeka, na mwenye nia mbaya anaweza kuichomelea na kutembea na jina langu. Nilipomwambia airudishe alisema ameshaiuza kilo. Nimempa hadi Ijumaa, baada ya hapo ni kituo cha polisi na kadi yangu mkononi.

Wale wa "mkuu ungenunua tu injini nzima", msinijibu, sikuomba ushauri wa matajiri.

Ninachotaka ni vitu viwili. Mwenye kumjua fundi hapa Kigoma, iwe Gungu, Ujiji au Mwandiga, mwenye pula, kile kifaa cha kuvuta na kugawa kesi bila tindo, na anayepasha moto kabla ya kuweka beringi, aniandikie pembeni. Pili, nimepata jozi kamili ya kesi kutoka injini moja, lakini tundu moja la beringi siliamini. Kuna mtu wa lezi (mashine ya kukereza chuma) hapa mjini anayeweza kulipima na kuliwekea bushi bila kulipotosha, au nipakie kwenye treni nipeleke Tabora?