MREJESHO: Diski C iliyojaa, sasa inapumua

Wakuu, habari za leo. Wiki mbili zilizopita niliomba msaada wa kompyuta ya mezani ya nyumbani, Windows 10, diski ya GB 160. Mstari unaoonyesha nafasi ya diski C, yenye Windows yenyewe, ulikuwa mwekundu, zimebaki MB 900 tu, na mama akawa hawezi kuingiza picha zake.

Aliyenishauri nipime kabla ya kufuta, Mungu ambariki. Nilikuwa tayari kufuta programu, kumbe folda ya picha peke yake ni GB 41! Picha za harusi ya dada zilinakiliwa mara tatu, kila simu ilipochomekwa, majina yaleyale yameongezewa (1) na (2). Nilikaa na mama jioni nzima tukizichambua. Tukaziweka kwenye diski ya nje, nakala nyingine kwenye flashi, ndipo nikafuta na kumwaga pipa la taka. Usipolimwaga, nafasi hairudi.

Hiberfil.sys, faili ambamo Windows huhifadhi kazi zilizo wazi kompyuta inapohaibaneti (inapozimika ili iwake tena pale ulipoachia), nalo lilikula GB 3 na ushei. Nilifungua dirisha la amri kama msimamizi, nikaandika powercfg /h off, likatoweka palepale. Ila kompyuta haitahaibaneti tena, na kuwaka kunachelewa kidogo.

Faili za muda nazo nimezisafisha. Sasa nina GB 50 wazi.

Wepesi haujaongezeka sana, maana diski ni ile ya kuzunguka. Nikijaliwa mwezi ujao nanunua SSD, diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Ahsanteni sana, mama anawasalimu.